Ulezi Kizingitini

Kazi yangu ni kutengeneza saa. Nina meza yenye kioo kwenye baraza la duka la vitambaa mjini Korogwe. Siku hizi watu hutazama saa kwenye simu, kwa hiyo kazi iliyobaki ni kubadilisha betri na kupunguza mikanda, na hiyo haimalizi siku. Muda unaobaki nasoma. Shule niliishia darasa la saba. Mengine nimeyaokota mwenyewe, kwanza kwenye magazeti yaliyofungiwa vitumbua, kisha kwenye vitabu vya kuazima, ambavyo vyote nimevirudisha isipokuwa kimoja ambacho mwenyewe alihama.

Nilipofika miaka arobaini na minane nilianza kuandika hadithi. Nilianza kama ninavyoanza kufungua saa: nilitandika kitambaa cheupe, nikaweka kaunta buku juu yake, nikajiuliza kila kipande kitafanya kazi gani.

Kipande cha kwanza kilikuwa kiumbe. Nilimwita Mwigo. Hana sura wala sauti yake mwenyewe. Huja mlangoni kwa sura ya mtu unayemfahamu, hupiga hodi kwa sauti ya mtu huyo, na ukimkaribisha ndani huondoka na kitu kimoja ambacho hutakikumbuka tena maishani: jina la mwanao wa kwanza, au njia ya kwenda kisimani, au wimbo uliobembelezewa. Asipokaribishwa hawezi kuingia. Nilimpenda tangu siku ya kwanza. Mke wangu, ambaye husomewa kila sura kabla ya mtu mwingine yeyote, alisema anatisha vizuri, kisha akauliza, "Na watu watajikingaje?"

Hapo ndipo nilipokwama, na nilikwama miezi minne.

Mwandishi akibuni kiumbe asiyezuilika hajabuni hadithi, amebuni msiba. Lazima iwepo kinga. Nilijiwekea masharti. Kinga iwe kitu ambacho nyumba maskini kabisa inaweza kuwa nacho, maana sioni sababu ya viumbe wabaya kuwaonea wasio na kitu peke yao. Itokane na kasoro ya kiumbe mwenyewe, kama ufunguo unavyotokana na kitasa. Na sharti la tatu, ambalo lilinipa shida kuliko yote: isiwe kitu ambacho mganga yeyote akikiona atasema, "Hiki nakijua."

Sharti hilo lina sababu. Mimi nilizaliwa Kang'ata, Handeni. Katika shamba letu la mahindi kulikuwa na kago, kitu kidogo kilichofungwa kwenye kijiti pembeni mwa shamba, na hakuna aliyehitaji kuambiwa kingemfanya nini mwizi. Sikidharau. Baba yangu hakuwahi kuibiwa hindi hata moja, ingawa mama alikuwa akisema ni kwa sababu mahindi yetu yalikuwa mabaya. Lakini kago ni la kweli kwa watu wanaoliamini, na hadithi yangu ni ya uongo kwa watu wote, mimi nikiwa wa kwanza. Sikutaka kuchanganya sanduku la vifaa vya baba na langu. Zaidi ya hapo, mtu akitoka Handeni akahamia Korogwe, majirani humtazama mwezi mzima kabla ya kumwazima kinu. Ndivyo tunavyosifika kwa uchawi. Mimi nilikuwa nimeishi Kwamndolwa, hapo hapo Korogwe, miaka ishirini na moja kwa heshima, na nilitaka iendelee hivyo.

Nilichora jedwali kwenye kaunta buku: kinga, gharama, kwa nini Mwigo aiogope, kasoro. Kila kinga niliijaribu nyumbani, kwa sababu sipendi kuandika mlango ambao sijaufungua.

Chumvi ilivuta unyevu ikawa tope, halafu nikagundua waganga wanaitumia. Kioo juu ya mlango kilifaa, lakini shemeji yangu alipokuja alisimama hapo kuchana nywele dakika nyingi, nikaona kwamba kioo hakimzuii mtu, kinamkaribisha. Tawi la miiba lilirarua khanga ya mke wangu. Kandambili kuziweka kisigino mbele hakukuwa na sababu yoyote. Nilikuwa nimechoka tu siku hiyo.

Kisha nikafikiria swali la siri. Ukisikia hodi, unauliza jambo ambalo mtu wa kweli peke yake analijua. Mke wangu akajitolea kunijaribu. Aliniacha nje, akafunga mlango.

"Hodi," nikasema.

"Siku ya harusi yetu nilivaa kitenge cha rangi gani?"

Nilifikiri. "Kijani."

"Kaa huko huko," akasema. "Mume wangu ameshaliwa."

Niliandika kwenye safu ya kasoro: *Itawaacha nje wanaume wengi wasio na hatia.*

Mwisho nikafikia ulezi. Wazo lilikuwa kwamba Mwigo, kwa kuwa anaishi kwa kunakili, hawezi kuvuka kitu ambacho hajakinakili chote. Mbele ya mstari wa ulezi atasimama kuhesabu punje hadi kuche. Nilidhani nimelivumbua mimi. Baadaye nilikuja kusoma kwamba watu wa nchi za mbali walishalifikiria zamani, kwa nafaka nyingine na viumbe wengine, na nikajifunza unyenyekevu kidogo. Lakini asubuhi ile ya Jumatatu sikulijua hilo. Nilijua tu kwamba ulezi ni wa bei nafuu, una punje nyingi, na sijawahi kumwona mganga akiumwaga mlangoni.

Jumatatu sifungui meza. Mke wangu alikuwa bombani. Niliweka kaunta buku kwenye kigoda karibu na mlango, nikaanza kupima: mstari wa upana wa vidole viwili, kizingiti kizima, unakula kikombe kimoja na nusu. Nikaumwaga. Binti anayeuza maandazi alikuwa anapita njiani na ndoo yake kichwani. Akapunguza mwendo, akatazama, akaongeza mwendo. Sikumtilia maanani. Kuku wa jirani walishauona ulezi, na mimi nilikuwa nawafukuza.

Kuku wale, na nyumba iliyo nyuma yao, ni vya mama mmoja mjane aliyetoka Lutindi. Alishuka huko milimani na marehemu mumewe zamani, kabla yetu, na mumewe alipofariki akabaki. Anaimba sauti ya pili kwenye kwaya ya kanisani. Watoto wake wako mbali na yeye anaishi peke yake. Kila siku saa tano asubuhi alikuwa anavuka ua kuja kunywa chai na mke wangu, na kikombe chake cha bati chenye maua mekundu kilikaa kwenye kabati letu, kwa sababu alisema vikombe vyetu vya udongo vinapoza chai kwa makusudi. Idd alikula kwetu, Krismasi tulikula kwake. Mke wangu hana mama. Huyu ndiye alikuwa mama.

Siku hiyo alikuja mapema kidogo.

"Hodi hapa."

"Karibu, mama. Shikamoo. Subiri, usivuke."

"Marahaba. Nisivuke nini?"

"Kuna ulezi."

"Nauona. Siku hizi mnauanika kizingitini?"

"Naupima tu, mama."

Nilikuwa nimeshika kuku kwa mguu mmoja, jambo ambalo halikusaidia. Yeye akatazama ulezi, akatazama kuku wake, kisha akatazama kigoda. Alivaa miwani yake inayoning'inia shingoni kwa uzi, akainama, akasoma ukurasa uliokuwa wazi. Anasoma polepole, kwa midomo, na mimi niliweza kuona kila neno likipita.

Nilikuwa nimeandika hivi: *Huja saa tano asubuhi. Sura: jirani, mwanamke mzee, mjane. Ulezi kizingitini. Asivuke.*

Naomba nieleweke. Nilihitaji saa na nilihitaji sura, na mwandishi mvivu huchukua vilivyo karibu. Mwigo lazima aje kwa sura ya mtu ambaye huwezi kumkatalia mlango, na katika maisha yangu mtu huyo alikuwa mmoja tu. Ilikuwa ni sifa, lakini ukurasa ule haukusema hivyo.

Akavua miwani. "Umesahau kuandika kikombe," akasema.

"Mama, hii ni hadithi."

"Niletee kikombe changu."

Nilimpa kikombe. Aliondoka nacho, na kuku wakamfuata, wakiwa wameshiba.

Mke wangu aliporudi nilimweleza kila kitu kwa mpangilio. Alisikiliza mpaka mwisho, ndoo ikiwa bado kichwani.

"Kwa hiyo," akasema, "wewe mtu wa Handeni umemwaga nafaka mlangoni, saa ambayo mjane anakuja kunywa chai, na umeandika kwenye daftari kwamba asivuke. Sasa nionyeshe mahali ambapo yeye amekosea."

Sikupaona.

Siku mbili zilizofuata saa tano ilifika bila hodi. Mke wangu alichemsha chai ileile, sufuria ileile, ikabaki. Siku ya tatu alirudi kutoka bombani ndoo ikiwa nusu, na nilipomuuliza akasema mwanamke mmoja amemsogelea na kumnong'oneza: "Ni kweli mmemzindika yule bibi? Mmegundua nini kwake?"

Mpaka hapo nilikuwa nachukulia jambo hili kama ugomvi wa majirani. Sasa nikaelewa ukubwa wake. Watu hawaulizi aliyeweka zindiko la kuzuia mchawi ni nani. Wanauliza limewekwa dhidi ya nani. Binti wa maandazi alikuwa ameeleza kwenye mashine ya kusaga kile alichokiona, tena bila kuongeza hata neno: fundi saa alimwaga kitu mlangoni, halafu bibi akafika, akasimama, hakuingia, akaondoka. Ukilipanga hivyo hata mimi ningeamini. Na mwanamke mzee anayeishi peke yake akishabandikwa lile neno, halibanduki kwa urahisi. Kuna sehemu ambako halikuishia kwenye maneno.

"Hadithi yako ikose kinga," mke wangu akasema jioni hiyo, "lakini mama hatakosa jina lake zuri kwa ajili ya daftari. Nenda ukalitengeneze. Si ndiyo kazi yako, kutengeneza?"

Niliamua kwenda asubuhi iliyofuata, mapema. Nilipanga kila neno. Ningeanza kwa salamu ya Kishambaa, kwa sababu mtu anayebeba kosa hupaswa kubisha kwa lugha ya mwenye nyumba. Kizigua changu na Kishambaa chake ni ndugu, lakini ndugu nao hutofautiana, na salamu zao zinafuata jua: asubuhi unasema *Onga maundo*, mchana unasema *Onga mshi*. Nilifanya mazoezi tangu saa moja. *Onga maundo. Onga maundo, mama.* Niliisema wakati nanyoa ndevu. Kisha nikaona ndevu hazijakaa sawa, nikarudia. Kisha mteja akaniletea nyumbani saa iliyosimama, nikaona si vizuri kumkatalia, nikaifungua. Kulikuwa na chembe ya mchanga kwenye gurudumu la tatu. Niliitoa. Nikaona bora nisafishe na magurudumu mengine. Mtu mwenye hofu hufanya kazi nzuri sana.

Nilipofika mlangoni kwake jua lilikuwa limeshapita upande wa pili wa nyumba.

"Hodi."

"Nani?" Hakusema karibu.

"Ni mimi, mama. Fundi. Shikamoo." Na salamu niliyokuwa nimeibeba mdomoni tangu asubuhi ikatoka yenyewe: "Onga maundo."

Mlango ukafunguka, akatoa kichwa, akalitazama jua kama mtu anayetaka kuhakikisha.

"Maundo?"

Na mimi nikalitazama jua.

"Fundi, mkononi umevaa nini?"

"Saa, mama."

"Inasemaje?"

"Saa tisa."

"Mshale mfupi uko kwenye namba gani?"

"Kwenye tatu."

"Basi!" akasema, na bega moja likaanza kutikisika. "Umesoma hiyohiyo tatu! Saa tatu asubuhi! Jamani, fundi mzima kaisoma saa kama ilivyoandikwa!" Akacheka hadi akashika mwimo wa mlango. Anacheka kwa sauti ya pili vilevile. "Nyie watu wa Handeni! Hata hilo dude lako la kwenye daftari lisingekosea hivyo."

Nilikuwa nimekuja kuomba msamaha, na ninasikitika kuandika kwamba kwa dakika nzima nilisahau.

"Mama," nikasema, "lingekosea."

"Nini?"

"Lingekosea hivyohivyo. Linaiga. Halijui chochote, linanakili tu linachokiona. Likiona mshale kwenye tatu litasema tatu."

Sisi sote tunafanya hesabu hiyo bila kujua kwamba tunaifanya. Mshale uko kwenye tatu, mdomo unasema tisa. Uko kwenye moja, mdomo unasema saba. Mtoto hufundishwa mara moja, halafu hafikirii tena mpaka afe. Nimekaa mbele ya nyuso za saa miaka yangu yote na sikuwahi kuliona jambo hilo, kama usivyoiona miwani uliyoivaa. Mwigo asingeweza kulijua, kwa sababu halikuandikwa popote kwenye saa. Liko kwetu. Angesimama mlangoni saa tisa alasiri, kwa sura kamili na sauti kamili, angetazama saa aliyoinakili kwenye mkono wa mtu, na angesema kwa adabu zote, *Onga maundo*. Na bibi aliye ndani, asiye na chumvi wala kioo, angejua.

Kinga haikuwa na gharama. Ilitokana na kasoro ya kiumbe mwenyewe. Na hakuna mganga aliyewahi kulipwa kwa ajili yake.

Nilimweleza yote hayo kwa haraka, nikiwa nimesimama juani. Alisikiliza.

"Ni nzuri," akasema. "Ni nzuri kweli. Sasa pita ukae. Lakini elewa: sijakusamehe. Nimecheka tu. Ni vitu viwili."

"Naelewa, mama."

"Mimi najua ni hadithi. Nilijua siku ileile nilipofika nyumbani nikatulia. Mtu anayezindika kweli hapimi wala haandiki daftarini. Lakini kwenye mashine juzi mwanamke alinipisha kwenye foleni. Unajua kwa nini alinipisha? Si heshima. Hakutaka kusimama nyuma yangu. Umemwaga mbele ya watu. Utakuja kuzoa mbele ya watu."

Kwa hiyo Jumamosi nilikwenda kwenye mashine ya kusaga, na kaunta buku kwapani na mke wangu nyuma yangu, kama mtu anayesindikizwa kituo cha polisi. Wanawake walikuwa wengi, na ndoo na madebe ya mahindi yamepangwa kwa zamu. Mama alikuwa amekaa juu ya debe lake, mgongo wima, na pande zote mbili kulikuwa na nafasi ambayo kwenye foleni ile haipatikani bure.

Mashine ilikuwa inanguruma. Nilisema, "Jamani, nina maneno," hakuna aliyesikia. Nikasema tena kwa nguvu. Mwenye mashine, akiwa mweupe kwa unga tangu nywele mpaka viatu, akaweka mkono sikioni na kutikisa kichwa. Nilifungua daftari nikaanza kusoma hivyohivyo, nikijisikia mdomo ukitembea bila sauti. Halafu umeme ukakatika. Mashine ikashuka sauti, ikapumua, ikanyamaza, na mimi nikabaki napiga kelele katika ukimya mtupu: "…HAKUWA MAMA HUYU!"

Kila mtu akageuka.

"Endelea," akasema mama. "Sasa umewapata."

Niliwaambia wazi. Ulezi ule ulikuwa wa kiumbe niliyemtunga mimi mwenyewe. Mama hakuwa na kosa lolote. Kosa ni langu, kumvika kiumbe sura yake na saa yake bila kumwomba.

"Ngoja," akasema mwanamke mmoja mnene mwenye ndoo ya bluu. "Kwa hiyo ulimzindika mtu wa kwenye daftari?"

"Ndiyo."

"Na alizindikika?"

"Hapana. Kuku walikula zindiko."

Kicheko kilianzia nyuma. Binti wa maandazi, aliyekuwapo na ndoo yake, alificha uso kwa ukingo wa khanga. "Mimi nilisema nilichokiona tu," akasema.

"Na uliona sawasawa," nikamwambia, maana ni kweli.

"Sasa tusomee," akasema mwenye ndoo ya bluu. "Umeme ukienda hapa haurudi leo."

Nikasoma. Nilisoma jinsi Mwigo anavyokuja, anavyochukua, jinsi mama mmoja alivyoamka siku moja asijue wimbo aliowabembelezea wanawe sita. Hapo walinyamaza vizuri. Kisha nikafika mlangoni, saa tisa alasiri, na kiumbe akapiga hodi kwa sauti tamu ya dada mtu, akasema *Onga maundo*, na kabla sijasoma mstari unaofuata, wanawake watatu au wanne wenye Kishambaa chao walipiga kelele kwa pamoja: "Usifungue!"

Sijawahi kutengeneza saa iliyonifurahisha kiasi hicho.

Kisha wakaanza kuikagua. Walikuwa wakali kuliko mimi. Akija saa saba mchana? Mshale uko kwenye moja, atadhani saa moja, atasalimia ya asubuhi: kanaswa. Akija saa moja asubuhi? Mshale uko kwenye saba, atasalimia ya mchana: kanaswa. Na sisi tusiojua Kishambaa? Basi asalimie habari za asubuhi wakati watu wanapika cha jioni, hata Mgogo atamkamata. Mwenye mashine naye akasogea, akajifuta macho. Mwenye ndoo ya bluu alikuwa anahesabu kwa vidole.

"Saa tano je?" akasema. "Saa tano asubuhi. Mshale uko kwenye kumi na moja. Akisema ni kumi na moja ya alfajiri, atatoa salamu ya asubuhi. Na kweli ni asubuhi. Kapatia!"

Nilihesabu. Nikahesabu tena. Alikuwa sahihi. Jedwali langu lote lilikuwa na tundu moja, na tundu lilikuwa saa tano asubuhi.

"Saa tano," akasema mama kutoka juu ya debe lake, polepole, "ndiyo saa yangu ya chai."

Hakuna aliyecheka kwanza. Niliona nyuso zikimtazama, nikaogopa, maana hapo ndipo neno lile lingeweza kurudi na kukaa kabisa. Mama aliwaacha wamtazame. Akatengeneza kitambaa cha kichwa. Kisha akamgeukia mwenye ndoo ya bluu.

"Basi wewe uliyegundua, njoo unikague vizuri. Anzia kwenye meno. Hili moja si langu, nilinunua Tanga."

Wakaanguka kwa kicheko. Mwenye ndoo ya bluu alicheka hadi akakaa, na mahali alipokaa palikuwa ni kwenye ile nafasi kando ya mama, begani kwake kabisa, akimshika mkono na kusema, "Bibi, Mungu anakuona, Mungu anakuona." Mke wangu aligeuka akatazama ukutani kwa muda. Umeme haukurudi, na hakuna aliyeondoka.

Wakati wa kurudi nilimwambia mama nitaliziba tundu lile. Ningeweza kumfanya Mwigo asome saa kwa namna nyingine, au nimnyime alfajiri.

"Liache," akasema. "Nyumba isiyo na ufa hata kidogo, nani atakaa macho ndani yake?"

Jumatatu sikufungua meza. Kizingiti kilikuwa kimefagiwa. Mke wangu alikuwa jikoni, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda na kaunta buku, nikiandika upya sura ile: nimeondoa ujane, nimeondoa ujirani, nimemvika Mwigo sura ya fundi saa.

"Hodi hapa," sauti ikasema nje. "Onga maundo."

Nilitazama mkono. Mshale mfupi ulikuwa kwenye kumi na moja.

Salamu ilikuwa sahihi. Sauti ilikuwa sahihi. Kwa sheria zangu zote, nilizoziandika mwenyewe na kuzikagua mbele ya watu, hapakuwa na njia ya kujua. Nilitazama chini ya pazia la mlango nikaona miguu miwili, kuku watatu, na, kikining'inia kwenye kidole, kikombe cha bati chenye maua mekundu.

"Karibu, mama," mke wangu akasema kutoka jikoni, wala hakusubiri nimalize kuhesabu.